Mandhari Isiyotulia: Mwongozo Kamili wa Kuchora Fadhaa kwa Njia ya Waekspreshonisti

Picha ya kwanza niliyoichora kwa nia ya kumtia mtazamaji wasiwasi ilikuwa ya bahari. Nilipaka mawingu meusi, nikayashusha mpaka yakagusa maji, nikaweka mawimbi makubwa na ngalawa moja iliyolala upande. Nilimwonyesha shangazi yangu. Akaitazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Hapo mvua inakuja, mwanangu." Alisema kweli. Nilikuwa nimechora hali ya hewa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba dhoruba na giza haviwezi kuifanya kazi hii peke yake, kwa sababu mtu akishajua anachokiona, moyo wake hutulia. Fadhaa huanza pale ambapo mandhari ni ya kawaida, lakini ndani yake mna kitu kisichopatana na kingine, na jicho linahangaika kukitafuta.

Walioifuatilia siri hii kwa kina ni Waekspreshonisti wa Ujerumani na Austria wa mwanzo wa karne ya 20, pamoja na wawili waliowatangulia: Vincent van Gogh wa Uholanzi na Edvard Munch wa Norway. Kabla yao, wachoraji wa Ufaransa walikuwa wamejifunza kuchora mwanga jinsi unavyolipiga jicho. Hawa wakaamua kuchora mahali jinsi panavyompiga mtu. Nimejifunza kwa kuzichungua picha zao na kuzinakili kwa mkono, na hatua zinazofuata zimetoka humo. Mpangilio wake ni wa makusudi: umbo la nafasi linatangulia, rangi inafuata. Wengi tunaanza na rangi, na hapo ndipo tunapopotea.

Vifaa

Huhitaji vingi. Tafuta kipande cha hadibodi au plaiwudi nyembamba chenye urefu wa sentimita 60 hivi, au kitambaa cha marekani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Kipige praima (rangi ya kuandaa uso) mikono miwili, na kila mkono ukikauka pitisha msasa laini. Kwa mazoezi ya rangi za akriliki, rangi nyeupe ya maji ya ukutani inatosha kuwa praima. Kwa rangi za mafuta zinazotakiwa kudumu, nunua praima ya wachoraji. Tafuta mkaa mwembamba (hata wa jikoni, ukichagua vijiti vilivyoungua sawasawa), burashi mbili za manyoya magumu, moja ikiwa pana, na kisu cha kupakia rangi.

Rangi ziwe tano: nyeupe, manjano ya limau, nyekundu kali, buluu ya Prussia na kahawia nzito. Nyeusi iache nyumbani. Ukiwa nayo utaikimbilia kila picha inapokukataa, nayo itaziba mahali ambapo ulitakiwa kufikiri.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kuchora

Hofu ina sababu inayoonekana: nyoka, mwizi, gari lililokatika breki. Fadhaa haina. Unatembea njia uliyoizoea, jua linazama kama jana, na ghafla mwili unasita. Ukiulizwa kuna nini, huna jibu. Hicho ndicho tunachotaka kukichora, na hakishikiki ukikitafuta kwa jumla jumla. Lazima uwe na jioni moja, mahali pamoja, mwili mmoja.

Munch alifanya hivyo kwa maandishi. Tarehe 22 Januari 1892, akiwa Nice kusini mwa Ufaransa, aliandika kumbukumbu ya jioni aliyokuwa akitembea barabarani na rafiki zake wawili. Jua lilikuwa likizama, mbingu ikageuka nyekundu kama damu. Akasimama, akaegemea uzio, amechoka kupita kiasi. Rafiki zake wakaendelea kutembea. Yeye akabaki pale akitetemeka, akahisi ukelele mkubwa ukipita katika maumbile yote.

Soma tena sentensi ya mwisho, kwa sababu watu wengi huitazama picha ya *Ukelele* ya 1893 na kudhani yule mtu wa mbele ndiye anayepiga kelele. Anaziba masikio. Sauti inatoka kwenye mandhari. Picha maarufu kuliko zote za fadhaa, kwa asili yake, ni picha ya barabara, ghuba na anga.

Sasa andika mistari yako mitano. Usiandike "nilihisi huzuni." Andika ulikuwa umesimama wapi, nani alikuwa mbele yako, mwanga ulitoka upande gani, na ni sehemu gani ya mwili iliyotangulia kujua: magoti, tumbo, shingo. Maneno ya Kiswahili yana faida hapa, kwa kuwa tunavyo viungo vingi vya hisia. Moyo kunidunda si sawa na roho kunitoka, na mwili kunisisimka ni jambo jingine kabisa. Ukilipata neno sahihi, umeshapata nusu ya mchoro: moyo unaodunda unadai mistari ya haraka inayorudiarudia, mwili unaosisimka unadai uso wa picha wenye mikwaruzo.

Hatua ya pili: chagua mahali unapopajua

Mtu anaweza kudhani kwamba wachoraji hawa waliumba mandhari zao kichwani. Sivyo. Munch alichora kilima cha Ekeberg juu ya mji ambao leo ni Oslo. Van Gogh alichora mashamba ya ngano ya Auvers-sur-Oise, Ufaransa, umbali wa kutembea kutoka chumba alichopanga. Egon Schiele wa Austria alirudi mara kwa mara Krumau (leo Český Krumlov, Jamhuri ya Czech), mji alikozaliwa mama yake. Mahali usipopajua patakushangaza tu, na mshangao huisha upesi. Ulipopazoea ndipo panapoweza kukugeuka.

Mimi nilichagua njia ya vumbi inayokata shamba la mkonge. Mistari ya mkonge hukimbia yote kuelekea sehemu moja, na ukisimama pale jioni unajiona kama unavutwa. Nenda mahali pako mara tatu bila kuchora chochote, saa ileile. Kaa dakika ishirini. Jiulize swali moja tu: jicho langu linataka kutokea wapi? Kila mandhari tulivu ina mlango, iwe ni njia, uwazi kati ya miti, au anga jepesi. Ukiujua mlango wa mahali pako, umejua pa kuufunga.

Hatua ya tatu: vunja utulivu wa nafasi

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo usiharakishe. Chukua mkaa na karatasi, chora vichoro sita vya ukubwa wa postikadi, vyote vya mahali pamoja. Cha kwanza kiwe cha kweli kabisa, kama unavyopaona. Katika vitano vinavyofuata, badilisha jambo moja tu kila mara.

Jambo la kwanza ni mlango wa jicho. Mfano bora ninaoujua ni shamba la ngano lenye kunguru ambalo van Gogh alilichora Julai 1890. Mna njia tatu. Mbili zinatokea pembeni na kuiacha picha. Ya katikati inaingia kwenye ngano, inapinda, halafu haifiki popote. Mtazamaji anaifuata kwa matumaini, kisha anakwama kati ya ngano na anga la buluu nzito. Kunguru nao hawamsaidii, maana huwezi kusema kama wanakuja au wanaondoka. Ijaribu kwenye kichoro chako cha pili: chora njia inayoalika, kisha ikate kabla haijafika.

La pili ni umbo la picha lenyewe. Katika wiki zake za mwisho van Gogh alitumia turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo, kama sentimita 50 kwa 100. Upana huo unamfanya mtazamaji ageuze shingo, asiweze kuishika picha yote kwa mtupo mmoja wa jicho, na daima kuna upande asioutazama. Kata karatasi yako hivyo uone tofauti. Picha nyembamba ndefu ya kwenda juu hufanya kinyume chake: humbana mtu kama ameingia kichochoro.

La tatu ni upeo wa macho, nao unastahili vichoro viwili. Ukiupandisha juu sana, ardhi inasimama kama ukuta na hewa inapungua. Ukiuondoa kabisa, mtu hajui amesimama wapi. Schiele alizichora nyumba za Krumau kutoka juu kilimani, zimebanana, giza madirishani, mto umezizunguka kama mkanda mweusi, anga hakuna wala mtu hayupo. Aliziita picha hizo mji mfu. Krumau ulikuwa mji hai wenye watu. Watu hao ndio waliomchukia kwa mwenendo wake hadi akaondoka mwaka 1911. Kifo kilichomo pichani kimetokana na mahali aliposimamia na alichokata.

La nne ni mwinamo. Mchoraji Chaim Soutine, aliyeishi Céret, kusini mwa Ufaransa karibu na milima ya Pyrenees, kati ya 1919 na 1922, alizipinda nyumba, miti na vilima hadi vikawa kama vinateleza kwa pamoja. Picha hizo zina nguvu ya kutisha, na baadaye yeye mwenyewe alizitafuta ili aziharibu. Ninazipenda mno, lakini namwonya anayeanza asizifuate. Ukiinamisha kila kitu, jicho linazoea, kama mtu anavyozoea mrama wa jahazi baada ya saa moja.

Kwa hiyo shika kanuni hii: acha kitu kimoja kimenyooka. Munch aliijua vizuri. Katika *Ukelele* anga na maji vinapinda na kuzunguka, lakini uzio wa barabara umenyooka kama rula, unakimbia kwa kasi kwenda ndani ya picha. Na wale rafiki wawili nyuma wamesimama wima, hawana habari. Mnyooko wao ndio unaoonyesha kwamba kuna kilichopinda. Kama wangepinda nao, tungesema hivyo ndivyo mchoraji anavyochora, tungepita.

Panga vichoro vyako sita sakafuni, simama mbali, uchague kimoja. Chukua jambo moja, mawili kwa wingi. Katika kichoro changu cha mkonge nilipandisha upeo wa macho na kuikata njia. Mistari ya mkonge niliiacha imenyooka.

Hatua ya nne: rangi ya chini

Kabla ya kuhamisha mchoro, paka ubao wote rangi moja nyepesi iliyolainishwa sana, kisha uifute kwa kitambaa. Chagua iliyo kinyume na rangi itakayotawala juu. Kama picha itakuwa ya kijani na buluu, chini pawe na wekundu uliofifia. Baadaye, mahali ambapo burashi haikufika, wekundu huo utachungulia kati ya michirizo na kuufanya uso mzima uwe kama unapumua.

Kuacha mapengo ni sehemu ya sanaa hii. *Ukelele* ya 1893 imechorwa kwenye kadibodi, na sehemu za kadibodi hiyo zinaonekana wazi bila rangi. Munch angeweza kuziziba. Uso uliozibwa wote unasema kazi imekwisha, na kilichokwisha hakimsumbui mtu.

Hamisha mchoro kwa mkaa, kwa mkono mzima kuanzia begani, ukiwa umesimama. Pangusa vumbi la mkaa kwa kitambaa kikavu ili lisichafue rangi.

Hatua ya tano: majirani wa rangi

Rangi moja haina fadhaa. Fadhaa inakaa mpakani, pale rangi mbili zinapogusana. Kwanza nieleze kisichotosha. Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyelelewa kisanaa na Max Pechstein wa Ujerumani, alifika Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945, na baadhi ya picha zake aliziweka kwenye fremu za mbao zilizochongwa Zanzibar. Rangi zake ni kali kama za Mwekspreshonisti yeyote, lakini nikizitazama napata joto na shauku, sipati wasiwasi. Ukali wa rangi peke yake, basi, si dawa.

Ernst Ludwig Kirchner anatufundisha zaidi. Alikuwa mmoja wa vijana wanne walioanzisha kundi la Waekspreshonisti la Die Brücke mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 1905. Vita Kuu ya Kwanza ilimvunja afya, na mwaka 1917 alihamia milimani Davos, Uswisi. Huko, mwaka 1919, alichora usiku wa majira ya baridi wenye mbalamwezi. Wengi wetu tungechukua nyeupe na kijivu. Yeye aliijaza picha wekundu na waridi angani, akaipaka milima buluu nzito, miti akaifanya myekundu kama inawaka. Kila rangi ina joto lisilolingana na kitu inachokifunika. Akili inasema baridi, jicho linasema moto, na mtazamaji anabaki katikati. Naona uchungu kila nikikumbuka kwamba zaidi ya kazi 600 za mtu huyu ziliondolewa kwenye majumba ya makumbusho na utawala wa Nazi, nyingine zikaonyeshwa mjini Munich mwaka 1937 kama sanaa iliyooza. Alijiua mwaka uliofuata.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kwenye ubao wa kuchanganyia, tengeneza jozi mbili tu. Ya kwanza iwe ya rangi zinazokabiliana: nyekundu iliyoelekea chungwa, na buluu iliyoelekea kijani. Ya pili iwe ya rangi zilizokaribiana lakini zenye ugomvi mdogo: manjano ya limau iliyotiwa buluu ya Prussia kidogo sana, kando ya manjano ileile iliyotiwa kahawia. Buluu ya Prussia ina nguvu ajabu. Anza na kiasi cha ncha ya njiti ya kiberiti. Kijani kinachotokea ni kikali, kama ngozi ya embe bichi, nacho kikiwekwa angani kinamfanya mtu akunje uso bila kujua kwa nini.

Kisha ipo mbinu ambayo naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chukua rangi mbili zinazokabiliana, ziongezee nyeupe au kahawia mpaka zilingane kwa wepesi na uzito wa mwanga. Zipake zikigusana. Mpaka wake utaanza kutetemeka, kwa sababu jicho linaona tofauti ya rangi lakini halioni tofauti ya mwanga, na hivyo halijui lipi liko mbele na lipi liko nyuma. Kupima ni rahisi: piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama mpaka umepotea, umefaulu. Tumia mtetemo huo mahali pamoja tu, pale ulipoufunga mlango wa jicho. Mimi niliuweka pale njia inapoishia kwenye mkonge.

Tahadhari ya afya: tyubu zenye kadmiamu (metali inayotumika katika baadhi ya rangi za manjano na nyekundu) zina sumu. Usizipige msasa zikikauka, usile ukiwa na rangi mikononi.

Hatua ya sita: mkono

Mchirizo wa burashi una mwelekeo, na mwelekeo huo unaweza kukubaliana na kitu au kukipinga. Ukipaka anga kwa michirizo ya mlalo, anga linalala. Ukiipaka ikishuka kumwelekea mtazamaji, anga linakuja. Jaribu hivi: kila kitu kilichotulia, kama ardhi, ukuta au mlima, kipake kwa michirizo mifupi inayohangaika, na kitu chenye mwendo, kama mawingu au maji, kipake bapa na kizito. Kubadilishana huko kunatosha kumtoa mtu kwenye mazoea yake.

Ludwig Meidner, Mwekspreshonisti wa Ujerumani, aliandika mwongozo wake mwenyewe mwaka 1914 kuhusu kuchora miji mikubwa, na alitaja mambo matatu: mwanga, mahali pa kutazamia, na mstari ulionyooka. Nilipolisoma jambo hilo la tatu nilishangaa, kwani picha zake za mwaka 1912 na 1913, zile mandhari za maangamizi alizozichora Berlin, zinaonekana kama mlipuko mtupu: nyumba zinaanguka, anga linapasuka, watu wanakimbia. Ukizitazama kwa makini unaona kwamba kweli zimejengwa kwa mistari mikavu kama vipande vya kioo kilichovunjika. Aliufikia mtikisiko kwa nidhamu. Na alizichora kabla vita haijaanza.

Paka rangi nyembamba kwanza, nzito baadaye. Kwa rangi za mafuta hili ni la lazima: tabaka la chini liwe na tapentaini zaidi, la juu liwe na mafuta ya kitani zaidi, la sivyo rangi itapasuka ikikauka. Anza na anga na ardhi kwa pamoja, usimalize kimoja ukahamia kingine. Jiwekee saa mbili. Muda mfupi unaulazimisha mkono uamue, na mkono unaoamua huacha alama zenye ukweli. Hapo ndipo uisome tena ile mistari yako mitano ya hatua ya kwanza, kwa sauti ikiwezekana, ili mwili ukumbuke.

Hatua ya saba: je, mtu awepo?

Ushauri wangu ni kumchelewesha. Mwaka 1892 Munch alichora picha iliyotangulia *Ukelele*, yenye uzio uleule na anga lilelile jekundu, na mbele akaweka mwanamume mwenye kofia, amegeuka pembeni, anatazama chini. Ni picha nzuri ya mtu mwenye majonzi. Lakini ni majonzi yake. Sisi tuko salama. Mwaka uliofuata alimgeuza mtu huyo atutazame, akamvua kofia na sura, akaupinda mwili wake kwa mipindo ileile ya anga. Mtu akawa sehemu ya mandhari, na mandhari ikamwingia.

Jipime kwa kidole gumba. Funika mtu wako. Kama fadhaa imeondoka, basi ulikuwa umemtwika yeye kazi ya picha nzima, na inakubidi urudi hatua ya tatu. Kama imebaki, mwache, au mwondoe kabisa. Schiele aliufanya mti mmoja mwembamba usio na majani, mwaka 1912, ubebe uzito wote: matawi yake yanapita kwenye anga jeupe la kijivu kama nyufa za ukuta.

Hatua ya nane: kupima

Geuza picha itazame ukuta kwa siku tatu. Ukiigeuza tena, itazame kwanza kwenye kioo, kisha juu chini. Makosa ya bahati mbaya yataonekana, na yale ya makusudi yatabaki imara.

Kisha mwonyeshe mtu asiyechora. Usimuulize kama imependeza, maana kwa adabu zetu atasema imependeza. Muulize, "Hapa kitatokea nini?" Akijibu mvua, moto, au vita, umechora tukio. Akinyamaza, akaanza kusogea karibu na kurudi nyuma, umekaribia. Picha yangu ya mkonge nilimwonyesha bibi mmoja jirani, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Alikaa nayo kimya, halafu akaniuliza kama aliyepita njia hiyo alirudi. Sikuwa nimechora mtu yeyote.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Picha imekuwa chafu badala ya kuwa na wasiwasi: umechanganya rangi zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, au umezichanganya juu ya picha yenyewe zikiwa mbichi. Kwangua kwa kisu, acha alama ya kukwangua, paka upya.

Picha inatisha lakini haisumbui: kuna fuvu, mti mkavu, kunguru wengi, mwezi mkubwa. Ondoa vitu, bakisha nafasi.

La tatu ni zito zaidi, nalo linamhusu mchoraji mwenyewe. Imeenea hadithi kwamba lile shamba la kunguru ndilo lilikuwa kwaheri ya van Gogh, kwamba aliweka burashi chini akaenda kufa. Alichora picha nyingine baada yake kabla ya kufariki tarehe 29 Julai 1890. Na katika barua yake ya mwezi huo, akisimulia mashamba makubwa chini ya mbingu zilizochafuka, alisema kwamba alijaribu kuonyesha huzuni na upweke mkubwa, kisha akaongeza kwamba turubai hizo zingeeleza pia uzima na nguvu anayoiona mashambani. Alikuwa anafanya kazi, kwa mkono thabiti. Usiutafute ugonjwa ili uchore vizuri. Mwaka 1908 Munch alilazwa Copenhagen kwa miezi mingi, akatibiwa, akarudi Norway, na kwa ukumbi wa chuo kikuu cha Oslo akachora jua kubwa linalochomoza juu ya bahari, mionzi imenyooka kila upande. Mkono ni uleule. Kama fadhaa yako imekuzidi, weka burashi chini, zungumza na mtu unayemwamini au na daktari. Mandhari itakungoja.

Hatua ya mwisho: kuhifadhi na kurudia

Rangi za mafuta ziache zikauke miezi kadhaa kabla ya kuzipaka vanishi. Anayeishi pwani awe mwangalifu na unyevu. Watafiti walioichunguza *Ukelele* nyingine, ile inayokadiriwa kuwa ya 1910, waligundua mwaka 2020 kwamba manjano yake ya kadmiamu inapauka na kubanduka hasa kwa sababu ya unyevu wa hewa, kuliko mwanga. Tyubu za leo ni safi kuliko za Munch, lakini ukuta wenye unyevu bado ni adui. Tundika picha kwenye ukuta wa ndani, ukiacha nafasi ya kidole nyuma yake ili hewa ipite.

Halafu ichore tena. Munch aliichora *Ukelele* mara nne kwa rangi na chaki, na mwaka 1895 akaichapa kwa jiwe, nyeusi na nyeupe tupu, ikabaki na nguvu zake. Umbo la nafasi ndilo lililoibeba. Safari ya pili usiende mahali pale. Chora kwa kumbukumbu, kwenye ubao mdogo, kwa rangi mbili tu. Kitakachojirudia chenyewe bila kukitafuta kiwekee alama nyuma ya ubao kwa penseli, pamoja na tarehe na saa, kwa sababu safari ya tatu utaanzia hapo.